Dawa za saratani na kumbukumbu: tumsaidieje mwenzetu anayesahau?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 24. Kwa miaka mingi mwandishi wetu alikuwa mama mmoja ambaye hakuwahi kukosea hesabu. Bila kufungua daftari, aliweza kutaja nani anadaiwa, kiasi gani, na amebakiza wiki ngapi kumaliza. Kisha akaugua saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, halafu akapewa dawa kwa njia ya dripu mara sita, kila baada ya siku 21. Nywele zake zilipoanza kuota tena, sote tulimshukuru Mungu na tukamrudishia daftari lake.

Baada ya miezi michache, fedha zilizokuwa ndani ya sanduku hazikulingana na daftari. Zilipungua shilingi 45,000. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwandishi hana hata ufunguo mmoja. Hata hivyo minong'ono ilianza. Wengine walisema matibabu yalimmalizia fedha, wakaacha sentensi hapo hapo bila kuimalizia. Viongozi tulikaa bila yeye tukaamua "apumzike", tukampa mtu mwingine daftari.

Wiki mbili baadaye mwanachama mmoja alirudi kutoka msibani kijijini kwao. Kitabu chake kilionyesha kwamba alikopa shilingi 45,000. Mkopo ulikuwa umeandikwa kwenye kitabu chake, lakini haukuandikwa kwenye daftari kuu. Hakuna aliyeiba. Mwandishi alikuwa amesahau mstari mmoja.

Tulipokwenda nyumbani kwake kuomba msamaha, alituambia jambo ambalo hatukulitarajia. "Ndugu zangu, tangu zile dripu kichwa changu kimejaa ukungu. Naanza sentensi, katikati neno linapotea. Natia chumvi kwenye mboga mara mbili. Nilidhani naanza kuwa mwendawazimu." Tulimwuliza kama alimweleza muuguzi. Akasema hapana, maana aliogopa angesimamishiwa dawa.

Baada ya siku ile tuliamua kujifunza. Makala haya ni matunda ya kujifunza huko. Tunayaandika ili kikundi chako, familia yako au kanisa lako lisifanye kosa tulilofanya sisi.

TIBAKEMIKALI NI NINI?

Tibakemikali ni matibabu ya saratani kwa kutumia dawa zinazoua chembe za mwili zinazogawanyika kwa kasi. Chembe za saratani hugawanyika kwa kasi, hivyo dawa huzishambulia. Lakini zipo chembe nzuri ambazo nazo hugawanyika haraka, kama zile za mizizi ya nywele, za utumbo na za kutengeneza damu. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, hupata vidonda mdomoni na hupungukiwa damu.

Ni vema tuseme wazi tangu mwanzo: dawa hizi zimeokoa watu wengi, na Afrika Mashariki ina sehemu kubwa katika historia hiyo. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Kiafrika. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba baadhi ya watoto hao wanaweza kupona kabisa kwa dawa. Jambo hilo liliwatia moyo waganga wa saratani duniani kote.

Kwa hiyo, tunapoeleza madhara ya dawa hizi hatumtishi mtu aache tiba. Madhara yanayojulikana huweza kuandaliwa. Yasiyojulikana huleta hofu, na hofu ndiyo huwafanya watu wakae nyumbani.

HALI HII INAONEKANAJE?

Wagonjwa wanaozungumza Kiingereza waliipa hali hii jina la utani, "ubongo wa kemo". Wenzetu wengi husema tu kwamba kichwa kimekuwa kizito au kimejaa ukungu. Mambo yanayotajwa mara nyingi ni haya:

• Kusahau mambo ya karibuni: kama amekunywa dawa, ameweka wapi ufunguo, ameambiwa nini asubuhi.
• Kukosa neno katikati ya mazungumzo, au kusahau jina la mtu anayemfahamu vizuri.
• Kushindwa kufanya mambo mawili kwa pamoja, mathalani kupika huku akizungumza na mgeni.
• Kuchukua muda mrefu kufanya kazi aliyokuwa akiifanya upesi.
• Kusoma ukurasa mzima na kufika mwisho bila kukumbuka alichosoma.
• Kuchoka akili mapema, hasa mchana na jioni.

Kwa kawaida hali hii haimfanyi mtu asahau yeye ni nani, asiwatambue watoto wake, au apotee njia ya nyumbani. Busara yake inabaki. Ujuzi wake unabaki. Mama wa kikundi chetu alijua kanuni za mikopo kuliko sisi sote hata siku zile za ukungu. Kilichomshinda kilikuwa kushika mambo matatu kichwani kwa wakati mmoja huku watu 24 wakizungumza.

Kwa sababu hiyo mgonjwa anaweza kuzungumza nawe vizuri kabisa, ukaondoka ukidhani hana tatizo lolote. Anayejua ni yeye mwenyewe, na wale wanaoishi naye.

WATAALAMU WAMEGUNDUA NINI?

Kwa muda mrefu wagonjwa waliolalamika waliambiwa kwamba ni mawazo tu, au ni huzuni ya ugonjwa. Tangu mwaka 1980 zilikuwepo ripoti za kitaalamu kutoka Marekani zilizoonyesha kwamba dawa zenyewe zinaweza kugusa kufikiri, lakini utafiti mkubwa ulianza kufanyika katika miaka ya 1990 na kuendelea. Wengi waliochunguzwa ni wanawake wenye saratani ya matiti.

Wataalamu waliokusanya tafiti mbalimbali wamekadiria kwamba hadi asilimia 75 ya wagonjwa hupata tatizo la kufikiri au kukumbuka wakati wa matibabu. Kwa wengine, hadi asilimia 35, tatizo huendelea kwa miezi au miaka baada ya tiba kwisha.

Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulifuatilia wanawake 581 wenye saratani ya matiti na wanawake 364 wasio na saratani. Miezi sita baada ya dawa kwisha, karibu wanawake 37 kati ya kila 100 waliotibiwa walisema uwezo wao wa kufikiri umeshuka kuliko kabla ya kuanza. Kwa wale wasio na saratani walikuwa karibu 14 kati ya 100. Tofauti hiyo si ndogo.

Nchini Uholanzi, utafiti uliotolewa mwaka 2012 uliwapima wanawake 196 waliotibiwa kwa mchanganyiko wa dawa tatu za zamani, wastani wa miaka 21 baada ya tiba yao. Walilinganishwa na wanawake 1,509 ambao hawakuwahi kuugua saratani. Waliotibiwa walikuwa nyuma kidogo katika kukumbuka maneno na katika kasi ya kufikiri. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Habari njema ni kwamba kwa walio wengi ukungu hupungua polepole katika miezi sita hadi kumi na miwili baada ya dawa kwisha. Wanaobaki nao kwa miaka ni wachache zaidi, nao wengi hujifunza njia za kuishi na kufanya kazi vizuri.

DAWA ZINAATHIRIJE UBONGO?

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa midogo ya damu ndani yake ina kuta zilizobana, zisizoruhusu kila kitu kilichomo katika damu kupita. Dawa nyingi za saratani hupita kidogo tu. Hata hivyo zipo njia kadhaa za madhara kufika:

1. Dawa nyingine hupita. Methotrekseti na fluorourasili ni mifano miwili. Aidha, methotrekseti wakati mwingine huchomwa moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, ili kuua saratani iliyojificha huko.

2. Mwili hutoa kemikali za kupambana. Chembe zinapoumizwa na dawa au na saratani yenyewe, mwili hujibu kama unavyojibu jeraha. Kemikali za majibu hayo husafiri ndani ya damu na kufika ubongoni. Kila aliyewahi kuugua malaria kali anajua jinsi akili inavyokuwa nzito. Hapa ni jambo la aina hiyo, ila huchukua muda mrefu zaidi.

3. Nyuzi za ubongo hupoteza kinga yake. Mishipa ya fahamu ina utando wa mafuta unaoifunika, kama vile plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando huo ukichakaa, ujumbe husafiri polepole. Uchunguzi uliofanywa kwa panya mwaka 2008 kwa fluorourasili, na mwaka 2018 kwa methotrekseti, ulionyesha kwamba dawa hizi zinaweza kuumiza chembe zinazotengeneza utando huo.

4. Chembe mpya za kumbukumbu hupungua. Katika majaribio ya wanyama, dawa kadhaa zimepunguza kuzaliwa kwa chembe mpya katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu mpya. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini mgonjwa hukumbuka vizuri mambo ya utotoni lakini husahau ya jana.

SI DAWA PEKE YAKE

Hapa tulijifunza jambo la muhimu sana. Katika tafiti hizo hizo, hadi asilimia 30 ya wagonjwa walikuwa tayari na tatizo kabla ya kupewa dawa yoyote. Saratani yenyewe, upasuaji, maumivu na hofu vilikuwa vimeanza kuathiri akili.

Mambo mengine yanayoweza kuongeza ukungu ni haya:

• Upungufu wa damu na lishe duni. Ubongo usiopata hewa safi na chakula cha kutosha hauwezi kufanya kazi vizuri.
• Kukosa usingizi. Dawa za kuzuia kutapika, hasa deksamethasoni, zinaweza kumkesheza mgonjwa usiku kucha.
• Dawa za maumivu, za usingizi na za mzio. Mofini husaidia sana, lakini inaweza kuleta usingizi, hasa siku za mwanzo.
• Kukoma hedhi ghafla kwa sababu ya dawa, au dawa za kuzuia homoni.
• Huzuni na wasiwasi wa muda mrefu.
• Virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa. Wenzetu wengi wanaotibiwa saratani pia wanaishi na virusi. Wasiache dawa zao za kila siku.

Umuhimu wa orodha hii ni kwamba mengi yaliyomo yanatibika. Upungufu wa damu unatibika. Huzuni inatibika. Dawa ya usiku inaweza kuhamishiwa asubuhi kwa ushauri wa daktari. Anayenyamaza kwa hofu hukosa msaada ambao ungeweza kupatikana siku ile ile.

DALILI ZA HATARI: USISUBIRI

Ukungu wa kawaida huja polepole na kumsumbua mgonjwa kidogo kidogo. Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine kabisa. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja endapo ana:

• Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Wakati huo kinga ya mwili huwa chini sana na maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache.
• Kuchanganyikiwa ghafla, kuongea yasiyoeleweka, au kusinzia kiasi cha kutoamshika kirahisi.
• Degedege.
• Maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika.
• Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, au kuona vitu viwili viwili.

Ukifika zahanati, sema sentensi hii kwanza: "Huyu anapata dawa za saratani." Usiridhike kupewa dawa ya malaria tu na kurudi nyumbani. Onyesha kadi yake ya matibabu.

MGONJWA ANAWEZA KUFANYA NINI?

Hadi sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa hali hii. Ukiuziwa "dawa ya kumbukumbu" mtaani, hifadhi fedha zako. Na kama unatumia mitishamba, mwambie muuguzi, kwa kuwa baadhi yake hugombana na dawa za saratani. Mambo yafuatayo yamewasaidia wengi:

Andika. Uwe na daftari moja dogo, si vipande vya karatasi. Andika tarehe za kliniki, maswali ya kumwuliza daktari, na mambo ya kufanya leo. Kama hujui kuandika, tumia alama au picha, au mwombe mtoto akuandikie.

Weka kila kitu mahali pake. Ufunguo kwenye msumari ule ule. Kadi ya hospitali kwenye mfuko ule ule. Mahali pakizoeleka, huhitaji kukumbuka.

Fanya jambo moja kwa wakati. Maliza kuhesabu ndipo uzungumze. Ukianza kupika, usitoke uwanjani bila kuipua sufuria.

Tumia saa zako nzuri. Wengi huwa na akili nyepesi asubuhi. Weka kazi ya hesabu asubuhi, kazi ya mikono mchana.

Weka alama kwa kila dawa unayomeza. Chora kalenda ukutani na kuweka tiki mara tu unapomeza. Usimeze tena kwa kubahatisha. Vidonge vya saratani vikirudiwa kwa kusahau vinaweza kuleta sumu mwilini.

Uwe mwangalifu na fedha za simu. Soma jina la mpokeaji kwa sauti kabla ya kuthibitisha. Usiandike namba ya siri nyuma ya simu. Matapeli hupenda watu waliochoka.

Tembea. Mazoezi mepesi ya kila siku, kama kutembea nusu saa, ni miongoni mwa mambo yaliyoonyesha matumaini katika tafiti. Anza na hatua chache kama huna nguvu.

Lala. Shika saa moja ya kulala na saa moja ya kuamka. Punguza chai nyeusi na kahawa jioni, na epuka pombe.

FAMILIA INAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, mgonjwa asiende kliniki peke yake kama inawezekana. Masikio manne husikia zaidi ya mawili. Kabla ya kutoka chumbani kwa daktari, rudieni kwa sauti mliyoambiwa ili athibitishe.

Pili, msimcheke na msimkaripie. Kumwambia "si nimekuambia sasa hivi?" hakurudishi kumbukumbu, huongeza aibu tu. Mwambie tena kwa upole, kwa sentensi fupi.

Tatu, ondoeni hatari. Mtu mwingine aangalie jiko la mkaa na mtoto mchanga siku ambazo mgonjwa amechoka. Anayeendesha pikipiki au gari asiendeshe siku za dripu, wala wakati wowote anapojisikia mzito.

Nne, msimnyang'anye kila kazi. Mtu aliyezoea kuwa na manufaa akiambiwa akae tu, huona kwamba amekwisha kufa kabla ya siku zake. Mwulizeni yeye anataka kubaki na kazi ipi.

WATOTO WALIOTIBIWA SARATANI

Watoto wenye saratani ya damu au uvimbe wa kichwa wanaweza kupewa dawa kwenye uti wa mgongo, na wengine mionzi ya kichwa. Ubongo wao bado unakua, hivyo madhara yanaweza kuonekana baadaye, mtoto anaporudi shuleni. Anaweza kuwa mzito katika hesabu, kukosa umakini, au kuchelewa kumaliza kunakili ubaoni. Mwalimu asiyejua habari zake humwita mvivu, au humchapa.

Mzazi, nenda shuleni kabla mtoto hajarudi. Mweleze mwalimu. Omba mtoto akae mbele, apewe muda zaidi, na aelekezwe hatua moja moja. Mtoto aliyeshinda saratani asishindwe na kiboko.

KIKUNDI NA KANISA

Wanaowatembelea wagonjwa huwa na moyo mwema, lakini maneno yetu yanaweza kuumiza. Tumesikia watu wakisema kwamba mgonjwa anayesahau amerogwa, au amepungukiwa imani kwa kuwa hakumbuki hata maneno ya sala aliyoyazoea. Maneno ya namna hiyo si ya kweli, tena ni mzigo juu ya mzigo. Kusahau kwa sababu ya dawa si dhambi, sawa na vile kunyonyoka nywele kwa sababu ya dawa si dhambi.

Tunapomtembelea, tukae muda mfupi. Wazungumze watu mmoja mmoja. Tusimpime kwa kumwuliza "unanikumbuka mimi ni nani?" Tujitambulishe: "Shikamoo mama, ni mimi wa jumuiya ya mtaa wa juu." Tuombe naye kwa maneno machache. Na kabla ya kuondoka tuulize swali lenye msaada: "Kliniki yako ni lini, na nani atakusindikiza?"

TULIREKEBISHAJE KWETU?

Tulianza kwa kumwomba msamaha mbele ya kikundi kizima, kwa kuwa minong'ono ilikuwa ya kikundi kizima. Halafu tukamwuliza anataka nini. Alisema anataka daftari lake, lakini hataki kuogopa kila wiki.

Tukabadilisha utaratibu wa mkutano. Sasa hakuna fedha inayoondoka mezani kabla ya kuandikwa mahali pawili, kwenye kitabu cha mwanachama na kwenye daftari kuu. Mwandishi anaandika, na msaidizi wake anasoma kwa sauti alichoandika. Wanachama wengine hunyamaza mpaka wamalize. Mwisho wa mkutano jumla husomwa mbele ya wote, na kila mmoja huikumbuka hadi wiki inayofuata.

Sambamba na hayo, tulimsindikiza kliniki akamweleza daktari. Alipimwa, akaonekana ana upungufu wa damu, akatibiwa. Daktari alimweleza kwamba anachokipata kinajulikana, na kwamba wagonjwa wengi hukipata. Alituambia kwamba siku ile alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ingawa hakuna kilichokuwa kimebadilika kichwani mwake isipokuwa kujua.

Ukungu umepungua, haujaisha. Bado majina humponyoka. Lakini daftari halijawahi kukosa kulingana tangu tuanze utaratibu huu, na tumegundua kwamba utaratibu wenyewe ni bora kwa kila mtu. Zamani tulitegemea kichwa cha mtu mmoja hodari. Sasa tunategemea kusoma kwa sauti.

MASWALI YA KUJADILI

• Je, katika eneo letu kuna mtu aliyetibiwa saratani na kurudi nyumbani? Tunajua anaendeleaje akilini, si mwilini tu?
• Kama mwenzetu mwenye dhamana akianza kusahau, sisi tutaanza kwa kumwuliza au kwa kumhukumu?
• Ni kazi gani katika kikundi chetu zinategemea kumbukumbu ya mtu mmoja peke yake? Tunaweza kuzipanga vipi upya?
• Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mgonjwa kliniki na kuandika anayoambiwa?
• Someni pamoja Marko 2:1-12, habari ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Kubebana kwa namna hiyo kungekuwaje kwa mtu ambaye miguu yake ni mizima lakini kumbukumbu yake imechoka?